Kikosi cha 303 cha Wapolandi, 1940–1946: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ikifika Septemba, picha za marubani wa Kikosi cha 303 huanza kuzunguka mitandaoni zikiwa na namba moja: 126. Ndiyo idadi ya ndege za Wajerumani walizohesabiwa kuzitungua mwaka 1940 katika Vita vya Anga vya Uingereza, Wajerumani walipokuwa wakiishambulia Uingereza kwa ndege. Idadi ya wenzao waliokufa haitajwi mara nyingi, na majina yao ndiyo kabisa. Majibu yaliyo hapa chini yanaziweka hesabu zote mbili mezani, waliyotungua na waliyopoteza.

Kikosi cha 303 kilikuwa kikosi gani?

Kilikuwa kikosi cha ndege za kivita cha marubani na mafundi wa Poland, kilichoundwa Uingereza katikati ya mwaka 1940. Kumbukumbu huandika 2 Agosti 1940 kuwa siku yake ya kuzaliwa. Kituo chake kilikuwa Northolt, uwanja wa Jeshi la Anga la Uingereza ulioko magharibi mwa London. Jina lake kamili lilibeba jiji la Warszawa pamoja na shujaa Tadeusz Kościuszko, na ndege zake zilitambulika kwa herufi RF ubavuni. Kilidumu hadi vita vikaisha, kikavunjwa Desemba 1946.

Ilikuwaje Wapolandi wakapigana ndani ya jeshi la Uingereza?

Nchi yao ilikuwa imekwisha kutekwa. Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, na tarehe 17 mwezi huohuo Umoja wa Kisovyeti ukaingia kutoka mashariki. Marubani waliamriwa kuvuka mpaka kwenda Romania. Huko waliwekwa kambini, wakatoroka kwa vyeti bandia na rushwa, wengine wakapanda meli hadi Beirut kisha Marseille. Serikali yao iliyokuwa uhamishoni Ufaransa iliwakusanya upya. Ufaransa nayo ilipokubali kushindwa Juni 1940, wakakimbia tena, safari hii kwenda Uingereza, mahali walipopaita kisiwa cha tumaini la mwisho.

Mwanzoni Waingereza waliwataka wajiunge na jeshi lao na kula kiapo kwa Mfalme. Jambo hilo liliwauma, maana walikuwa wamekwisha kuapa kwa nchi yao. Mkataba wa Agosti 1940 ulilitambua Jeshi la Anga la Poland kuwa jeshi la taifa huru lililo mshirika, ingawa katika mapigano liliamriwa na Waingereza.

Je, ni kweli ndege zote za Poland ziliteketezwa ardhini siku ya kwanza ya vita?

Hapana. Propaganda ya Wajerumani ilieneza habari hiyo na watu bado wanairudia. Kabla ya mashambulizi, vikosi vya kivita vilikuwa vimehamishiwa viwanja vidogo vilivyofichwa mashambani. Kikosi kilichoulinda mji wa Warszawa kilipaa na kupigana. Mirosław Ferić na Wojciech Januszewicz, ambao utakutana nao tena hapa chini, walipigana juu ya mji huo.

Walichokosa ni ndege za kutosha na zenye kasi. PZL P.11 waliyorusha ilikuwa na magurudumu yasiyokunjwa na chumba cha rubani kilicho wazi kwa upepo, na kuna ndege za mabomu za Ujerumani zilizoiacha nyuma. Rubani aliyejifunza vita ndani ya chombo kama hicho alijifunza kuangalia kila upande wa anga bila kupumzika. Ujuzi huo Wapolandi walivuka nao bahari.

Jina la Kościuszko na ile nembo vilitoka wapi?

Tadeusz Kościuszko alikuwa mhandisi wa kijeshi wa Poland aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, kisha mwaka 1794 akaongoza uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi. Wakulima waliomfuata walibeba miundu mirefu ya kuvunia nafaka kama silaha. Baadaye, katika vita vya Poland na Wasovyeti vya 1919 hadi 1921, marubani wa Kimarekani waliojitolea, akiwemo Merian Cooper, waliunda kikosi wakakipa jina lake ili kulipa deni la taifa lao. Nembo waliyoichora ina kofia ya mkulima, miundu miwili iliyopishana, nyota 13 na mistari ya bendera ya Marekani. Kikosi cha 303 kiliirithi.

Kuna jambo jingine kuhusu Kościuszko ambalo msomaji wa Kiafrika anastahili kulijua. Katika wosia wake wa mwaka 1798 aliagiza mali yake iliyokuwa Marekani itumike kuwanunulia watumwa weusi uhuru na kuwasomesha. Thomas Jefferson, aliyekabidhiwa wosia huo, hakuutekeleza.

Kwa nini walikaa Agosti yote bila kupigana, wakati London ilihitaji kila rubani?

Kwa sababu Waingereza hawakuwaamini bado. Walidhani ni watu waliokwisha kuvunjwa moyo na kushindwa mara mbili. Lugha nayo ilikuwa kikwazo cha kweli: rubani asiyeelewa amri ya redioni anaweza kuwaua wenzake. Basi wakafundishwa Kiingereza cha angani, maneno ya mwinuko, mwelekeo na umbali, wakizungushwa uwanjani juu ya baiskeli za magurudumu matatu zilizofungwa redio na dira. Kwa watu waliokwisha kupigana vita viwili, zoezi hilo lilikuwa la kuudhi mno.

Ndege yenyewe ilikuwa na mitego yake. Walizoea kilomita na mita, sasa saa zote za vipimo ndani ya ndege zilisoma maili na futi. Mkono wa kuongeza nguvu ya injini ulisukumwa mbele, kinyume cha walivyozoea nyumbani na Ufaransa. Magurudumu yalikunjwa, na rubani aliyesahau kuyashusha alitua kwa tumbo. Kazi ya kuwaunganisha walipewa Ronald Kellett, Mwingereza, na Zdzisław Krasnodębski, Mpolandi, wakiwa wakuu wawili wa kikosi kimoja. Chini yao waliongoza John Kent, mzaliwa wa Kanada, na Athol Forbes. Kent alianza akiwa na mashaka makubwa, lakini baadaye alipendwa hata wakamwita Kentowski.

Nini kilitokea tarehe 30 Agosti 1940?

Kikosi kilikuwa kwenye mazoezi. Ludwik Paszkiewicz aliona mapigano kwa mbali, akatoa taarifa redioni, hakujibiwa. Akauacha msafara na kwenda kuitungua ndege ya Kijerumani ya injini mbili aina ya Messerschmitt 110. Aliporudi alikaripiwa kwa kuvunja nidhamu na kupongezwa kwa ushindi wa kwanza wa kikosi. Kellett aliomba kikosi kiruhusiwe kuingia vitani, na kesho yake, 31 Agosti, kikaruhusiwa. Alasiri ya siku hiyo kikahesabiwa ndege sita.

Walirusha ndege gani?

Hawker Hurricane, yenye injini ya Merlin na bunduki nane za rashasha mabawani. Ilikuwa imara na yenye kutulia wakati wa kupiga, lakini ilizidiwa kasi na Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani. Tatizo lake kubwa lilikuwa moto. Tangi moja la petroli lilikaa mbele ya rubani, nyuma ya saa zake, na likipigwa risasi miali iliingia moja kwa moja usoni na mikononi. Ukisoma kwamba rubani fulani aliungua, mara nyingi ndilo lililotokea.

Mwanzoni mwa 1941 walipewa Spitfire, na Aprili 1945, vita vikielekea ukingoni, wakapewa Mustang.

Ile hesabu ya ndege 126 ni ya kweli?

Ni hesabu rasmi ya madai yaliyokubaliwa wakati ule, kwa siku 42 kati ya 31 Agosti na 11 Oktoba 1940. Kwa hesabu hiyo, hakuna kikosi kingine cha Hurricane kilichokifikia katika Vita vya Anga vya Uingereza.

Watafiti walioyalinganisha madai na kumbukumbu za hasara za Wajerumani wamepata pungufu. Mmoja alifikia ndege zipatazo 44, mwingine karibu 59. Tofauti kama hiyo ilivikumba vikosi vyote vya pande zote. Tarehe 15 Septemba 1940 Uingereza ilitangaza kutungua ndege 185, na Wajerumani siku hiyo walipoteza kama 60. Sababu zinaeleweka. Marubani wawili watatu huipiga ndege moja, kila mmoja akaiona ikianguka na kila mmoja akaidai kwa haki kabisa. Messerschmitt 109 inayojitupa chini kukimbia hutoa moshi mweusi, na anayeitazama kutoka juu huamini imekwisha. Tena vita vya angani ni sekunde chache, na anayeifuata adui kwa macho hadi ardhini huenda asirudi.

Waingereza wenyewe walishuku. Mkuu wa kituo cha Northolt, Stanley Vincent, aliposoma madai ya Wapolandi aliingia kwenye Hurricane yake na kuwafuata vitani. Alirudi akiwa ameshuhudia wanavyoshambulia na akasema wazi kwamba wanayafanya kweli. Kwa maoni yangu hata hesabu ya chini kabisa inatosha kukiweka kikosi hiki miongoni mwa vilivyo bora, na anayeng'ang'ania 126 kana kwamba heshima yao itaporomoka bila namba hiyo anawapunguzia bure.

Walifanikiwa kwa nini kuliko vikosi vingi?

Uzoefu kwanza. Wakati huo vikosi vingi vya Uingereza vilikuwa vikipokea vijana wenye saa chache za kurusha Hurricane au Spitfire. Wapolandi wengi walikuwa wametoka chuo cha marubani cha Dęblin miaka kadhaa nyuma, wakiwa na mamia ya saa angani na vita vya 1939 na 1940 mwilini.

Pili, walipiga kwa karibu. Bunduki za Waingereza zilikuwa zimepangwa zikutanishe risasi mbali, na marubani wengi walifyatua kutoka huko. Wapolandi walisubiri hadi ndege ya adui ijae kwenye kioo, ndipo wakabonyeza. Kufanya hivyo dhidi ya kundi la ndege za mabomu zenye wapigaji wake kunahitaji ujasiri wa pekee. Mwaka 1942, kwenye mashindano ya kulenga shabaha angani baina ya vikosi vya kusini mwa Uingereza, vikosi vya Poland vilishika nafasi zote tatu za juu, na 303 kikawa cha kwanza.

Watu huongeza chuki dhidi ya Wajerumani kama sababu ya tatu. Hasira ilikuwepo, familia zao zilikuwa mikononi mwa adui. Lakini hasira peke yake huua mwenye nayo, na ningeweka uzito zaidi kwenye mafunzo.

Kikosi kilipoteza marubani wangapi katika Vita vya Anga vya Uingereza?

Wanane walikufa, Wapolandi saba na Mcheki mmoja. Hurricane 18 zilipotea, na Wapolandi wengine watano walijeruhiwa vibaya. Kwa siku 42 za mapigano makali hasara hii ilikuwa ndogo ukilinganisha na vikosi vingine. Lakini kikosi kilikuwa na marubani wachache, wanaolala jengo moja na kula meza moja, kwa hiyo wanane ni pengo kubwa.

Tarehe 11 Septemba alikufa Sajini Stefan Wójtowicz. Alijikuta peke yake dhidi ya Messerschmitt kadhaa karibu na Westerham, na watu wa kijiji walimtazama akipambana mpaka alipoanguka. Siku hiyohiyo Arsen Cebrzyński alipigwa. Alipigania uhai wake hospitalini hadi tarehe 19.

Tarehe 15 Septemba, siku ambayo Waingereza huadhimisha Vita vya Anga vya Uingereza mpaka leo, Sajini Michał Brzezowski hakurudi.

Tarehe 26 Septemba Mfalme George VI alitembelea Northolt kuwaona. Ziara ilikatizwa na king'ora, wakapaa, na wakarudi na ushindi mwingi. Aliuona uwanja ukiwa na furaha. Siku iliyofuata, 27 Septemba, walimpoteza Paszkiewicz, yuleyule wa 30 Agosti, aliyekuwa amefikisha ndege sita. Pamoja naye alikufa Sajini Tadeusz Andruszków. Ndege zote mbili zilianguka katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza.

Tarehe 5 Oktoba alikufa Wojciech Januszewicz, aliyelinda Warszawa mwaka mmoja kabla, akaanguka karibu na Hawkinge. Tarehe 6 Oktoba Sajini Antoni Siudak aliuawa akiwa bado ardhini. Ndege moja ya Kijerumani ilijipenyeza katika hali mbaya ya hewa, ikadondosha mabomu Northolt, na bomu likaikuta Hurricane yake ikitembea uwanjani. Na tarehe 8 Oktoba alikufa Josef František.

Josef František alikuwa nani, na kwa nini Mcheki alikuwa katika kikosi cha Wapolandi?

Alizaliwa Otaslavice, Moravia, mwaka 1914. Wajerumani walipoiteka nchi yake Machi 1939 alivuka kwenda Poland, akaingia jeshi la anga la huko na kupigana nalo Septemba. Poland iliposhindwa alikwenda na Wapolandi Romania, Ufaransa, hadi Uingereza. Alipopewa nafasi ya kuhamia kikosi cha Wacheki, alichagua kubaki na Wapolandi.

Ndani ya Septemba 1940 alihesabiwa ndege 17, idadi iliyomweka miongoni mwa marubani wa juu kabisa wa vita hivyo. Tabia yake ilikuwa kuachana na msafara na kwenda kuwavizia Wajerumani wanaorudi nyumbani juu ya bahari, petroli na risasi zikiwa zimewapungukia. Makamanda walikasirika, kwani aliyeacha nafasi yake aliwaacha wenzake bila mlinzi. Mwishowe wakamhesabu kuwa mgeni wa kikosi, aruke anavyotaka. Asubuhi ya 8 Oktoba, wakati wa kurudi kutoka doria, ndege yake ilianguka Ewell, Surrey. Hakuna adui aliyekuwa karibu naye. Uchovu ni dhana ninayoiona ina uzito, ukikumbuka mwezi aliokuwa ametoka kuupitia.

Na majeruhi?

Tarehe 6 Septemba kikosi kilishambuliwa kikiwa bado kinapanda. Krasnodębski alipigwa, tangi likalipuka moto, akaruka kwa mwavuli akiwa ameungua vibaya. Alitibiwa East Grinstead kwa daktari Archibald McIndoe, aliyewatengenezea upya nyuso na mikono marubani walioungua. Hakuongoza tena mapigano ya kikosi hicho, nafasi yake ikachukuliwa na Witold Urbanowicz. Jan Daszewski alijeruhiwa vibaya kesho yake. Alipona, akarudi vitani, akafa mwaka 1942.

Baada ya 1940 hasara ziliendelea?

Ziliendelea, na hapa ndipo kurasa nyingi hunyamaza. Kuanzia 1941 vita vilihamia juu ya Ufaransa. Sasa Wapolandi ndio waliovuka bahari kwenda kwa adui. Mwaka 1940 rubani aliyeruka kwa mwavuli aliangukia shamba la Kent na jioni akarudi kikosini. Mwaka 1941 aliangukia mikononi mwa Wajerumani au ndani ya maji baridi ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Ndani ya miezi mitatu kikosi kilipoteza wakuu watatu. Zdzisław Henneberg, mmoja wa mashujaa wa 1940, alishuka baharini 12 Aprili 1941 ndege yake ikiwa imepigwa. Wacław Łapkowski aliuawa 2 Julai. Tadeusz Arentowicz aliyepokea nafasi yake aliuawa 8 Julai, siku sita tu baadaye.

Wengine hawakufa mbele ya adui. Stefan Karubin, aliyenusurika 1940, alihamishwa kwenda kufundisha mahali palipodhaniwa ni salama, na 12 Agosti 1941 akaanguka kwenye milima ya kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mirosław Ferić alikufa 14 Februari 1942 juu ya Northolt kwenyewe, Spitfire yake ilipovunjika hewani naye akashindwa kutoka kwa wakati. Ferić ndiye aliyekuwa akiandika kitabu cha kumbukumbu za kikosi, alichokianza vita vilipoanza, na akiwalazimisha wenzake kuandika yao kwa mkono wao. Hata Mfalme alitia sahihi humo. Wenzake walikiendeleza, na leo kitabu kiko katika jumba la makumbusho la Sikorski jijini London. Mengi tunayoyajua kuhusu watu hawa tunayajua kwa sababu ya Ferić.

Witold Łokuciewski alitunguliwa juu ya Ufaransa Machi 1942 na kufungwa katika kambi ya Wajerumani ya wafungwa wa vita huko Sagan hadi mwisho wa vita.

Kikosi kilifanya nini kingine kabla ya vita kuisha?

Kilishiriki shambulio la Dieppe, bandari ya Ufaransa, Agosti 1942, kikiwa miongoni mwa vikosi vilivyodai ndege nyingi zaidi siku ile. Kilisindikiza ndege za mabomu na kilikuwa angani majeshi ya washirika yalipotua Normandy, Ufaransa, mwaka 1944. Mapambano ya ndege kwa ndege yalikuwa yamepungua, na kazi kubwa ikawa kushambulia shabaha za ardhini chini ya mizinga ya kutungulia ndege.

Mafundi mbona hawatajwi?

Wanapaswa kutajwa. Ndege iliyorudi na matundu ya risasi ilishughulikiwa usiku kucha, kwa taa hafifu kwa kuhofia mabomu, ili asubuhi ipae. Mafundi wa 303 walikuwa Wapolandi waliopita njia ileile ya Romania na Ufaransa, na walijifunza injini mpya kabisa ndani ya wiki chache. Wao pia walishambuliwa Northolt. Bila wao, Septemba 1940 kikosi kingemaliza ndege kabla ya kumaliza marubani.

Vita vilipoisha walirudi nyumbani?

Wengi hawakuweza. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, Uingereza na Marekani zilikubali Poland ibaki chini ya kivuli cha Stalin, na mashariki ya nchi iende kwa Wasovyeti. Rubani aliyezaliwa Lwów au Wilno hakuwa tena na mji wa kurudi.

Urbanowicz alijaribu mwaka 1946. Polisi wa siri walimkamata zaidi ya mara moja, akaondoka kwenda Marekani, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1996. Łokuciewski, aliyekuwa mkuu wa mwisho wa 303, alirudi 1947 na kutengwa kwa miaka. Upepo ulipobadilika alirudishwa jeshini, na baadaye akatumwa London kuwa mwambata wa kijeshi. Kazimierz Wünsche, aliyejeruhiwa Septemba 1940, aliishia kurusha ndege za kubeba wagonjwa Poland. Krasnodębski alimalizia maisha yake Kanada.

Ni kweli Wapolandi walikosa gwaride la ushindi la London mwaka 1946?

Ndiyo. Gwaride lilifanyika 8 Juni 1946. Serikali ya Uingereza, isiyotaka kumuudhi Stalin, ilialika serikali mpya ya Warszawa badala ya majeshi ya Poland yaliyopigana bega kwa bega na Waingereza. Marubani wa kivita 25 walialikwa kuandamana pamoja na Jeshi la Anga la Uingereza. Walikataa, kwa kuwa wenzao wa nchi kavu na wa majini hawakualikwa. Hugh Dowding, aliyeongoza ulinzi wa anga mwaka 1940, alikuwa ameandika kwamba bila vikosi vya Poland asingethubutu kusema matokeo yangekuwa yaleyale. Gwaride la 1946 bado linanikera, miaka yote hii, na sidhani kuna maelezo ya kidiplomasia yanayoweza kulisafisha.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki na Kongo?

Upo wa namna mbili.

Mwaka 1940 na 1941 Wasovyeti waliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa mashariki ya Poland kwenda Siberia na Kazakhstan. Walioruhusiwa kutoka baadaye walipita Iran, na maelfu wakaletwa Afrika: Tengeru karibu na Arusha, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro katika Tanganyika, Masindi na Koja katika Uganda. Tengeru peke yake ilifikia watu kama 5,000, wengi wao kina mama na watoto wa wanajeshi waliokuwa vitani. Kwa hiyo wakati marubani wa Poland wakipaa Uingereza, kulikuwa na shule na kanisa la Kipolandi chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo na yanatunzwa.

Uhusiano wa pili hauna sifa. Jan Zumbach, shujaa wa 1940 na mkuu wa 303 mwaka 1942, alikwenda Katanga mwaka 1962 kuipangia jeshi la anga serikali ya Moïse Tshombe iliyojitenga na Kongo. Desemba mwaka huo ndege za kivita za Sweden chini ya Umoja wa Mataifa zilishambulia uwanja wa Kolwezi na kuharibu ndege za Katanga zikiwa ardhini. Mwaka 1967 Zumbach alionekana Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na Nigeria, akirusha ndege ya mabomu chini ya jina la bandia. Alifariki Ufaransa mwaka 1986 na kuzikwa Warszawa. Kurasa za sifa huipita miaka hiyo haraka. Kwa msomaji wa Kolwezi au Lubumbashi, ni sehemu ya historia yake, na aliyeilinda London kwa haki mwaka 1940 alikuja kuuza ujuzi uleule kwa pesa juu ya vichwa vya Wakongo.

Makaburi na kumbukumbu zao ziko wapi?

Paszkiewicz, František na wenzao kadhaa wa 1940 wamezikwa makaburi ya Northwood, si mbali na Northolt. Kando ya barabara kuu karibu na uwanja huo kuna mnara wa marubani wa Poland, wenye tai juu yake, uliozinduliwa Novemba 1948. Mchongaji wake, Mieczysław Lubelski, alikuwa Mpolandi aliyenusurika kambi ya kazi ya Wajerumani. Mnara ulianza na majina zaidi ya 1,200 ya wanaanga wa vikosi vyote vya Poland, na mwaka 1996 yakaongezwa mengine zaidi ya 600. Umeandikwa maneno ya Mtume Paulo kwa Timotheo: nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda.

Je, kikosi kingine kinabeba urithi huo leo?

Kipo. Kituo cha anga cha Mińsk Mazowiecki, mashariki mwa Warszawa, kinatumia nembo ya Kościuszko. Ndege zake za MiG-29 zilichorwa kwenye mikia picha za marubani wa Kikosi cha 303 na wa vikosi ndugu, na mwaka 2023 kituo hicho kilianza kupokea ndege mpya za FA-50 kutoka Korea Kusini.